Kaburi Tuliloinua Isanta

"Na hapa amelala nani?"

Afisa ardhi aliuliza kwa upole, kalamu mkononi, upepo ukimvuta kitambaa cha kichwani. Alikuwa amesimama mbele ya tuta letu, la mwisho kwenye mstari. Nyuma yake tulisimama sisi wenye tuta: baba, mama na mimi. Msalaba ulikuwa wa mti wa mkaratusi uliokatwa wiki hiyohiyo, bado unanukia. Nilikuwa naitazama mikono ya baba, kwa sababu akitaka kusema uongo hufuta viganja kwenye suruali, na nilimwona anafuta.

Nasema wazi, niliogopa. Polisi na jela vilikuwepo katika mawazo, sikatai, lakini nililoliogopa hasa ni jibu. Ndani ya lile tuta hamkuwa na mtu. Mlikuwa na nyasi na udongo, na nyumbani kwetu hapakuwa na maiti wa kumpa yule afisa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mtu asiyeijua Ufipa atadhani tulikuwa wendawazimu.

Isanta ni kilima kifupi, kipara, nyuma ya kitongoji chetu, upande wa barabara iendayo Matai. Mgongoni ni jiwe tupu. Mabegani kuna udongo mweusi, na hayo mabega ndiyo yaliyotulisha. Kila mvua zikielekea kwisha tulipanda kule na majembe, tukageuza nyasi, tukazifunika kwa udongo, tukainua vichuguu vya mviringo ambavyo kwa Kifipa tunaviita intumba. Nyasi zinaozea humo. Mwaka unaofuata unavibomoa, unatawanya, unapanda ulezi au mahindi, na mbolea ya dukani huijui hata harufu yake. Kitongoji kizima kilikuwa na mashamba pale, ukoo baada ya ukoo. Sehemu nyingine zote ni mchanga, na upepo unaoondoka na mbegu kabla hujamaliza kuzifukia.

Mwaka ule halmashauri ikaja kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji. Tukaitwa mkutanoni. Barabara inajengwa, kokoto inatakiwa, na mwekezaji ameliona jiwe la Isanta na amelipenda. Ramani ilitundikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, na kilima chetu kilikuwa kimeshapakwa rangi ya kahawia: eneo la machimbo. Juu wangepasua mawe kwa baruti, mabegani wangeweka mashine na malundo ya kokoto. Afisa ardhi, Mama Debora, hakuwa mtu wa huku. Alikuwa mgeni, Kiswahili chake laini cha mashariki, na alitueleza bila dharau. Akauliza nani ana pingamizi. Watu wakasema mashamba. Akasema mashamba yatatafutiwa eneo jingine. Wakasema tena mashamba, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba hakusikia.

"Ndugu zangu, shamba linahamishika," alisema. "Yangekuwa makaburi, hilo lingekuwa jambo jingine."

Hapo ndipo aliposimama baba yangu, Mzee Wilibrodi. Baba ni mtu wa utani tangu kuzaliwa kwake. Harusini anachekesha, msibani anachekesha, hata kwenye foleni ya kuungama anachekesha. Watu walipomwona anainuka wakaanza kutabasamu mapema.

"Pale tumezika," alisema.

Hakuna aliyewahi kuzikwa Isanta. Wafu wetu wapo kigangoni, chini ya kanisa, na kila aliyekaa pale alilijua hilo. Mwenyekiti wa kijiji, Cornelius, alilijua kuliko wote kwa sababu mke wake wa kwanza yupo hukohuko. Akavitazama viatu vyake. Wote tukamtazama yeye anayevitazama viatu.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Wamezika."

"Basi nitakuja kuyaona," alisema Mama Debora, akafunga mkoba wake.

Kwetu kazi kubwa hailipwi, inanyweshwa. Ukitaka jirani zako wakulimie unapika pombe ya ulezi, wanakuja asubuhi na majembe, wanalima huku wanaimba, na jua likipinda mnakaa pamoja mnakunywa. Mama yangu, Coleta, alipika pombe kama alivyoamriwa. Watu walikuja kama siku zote. Tofauti ni kwamba safari hii baba aliwaambia waache mviringo, wainue matuta marefu, kiasi cha mtu. Mwanzoni walicheka. Mzee mmoja alijilaza kwenye majani ili apimwe urefu, watu wakashika mbavu. Kisha mstari wa kwanza ukakamilika, mtu akachomeka misalaba, tukarudi nyuma tuuone.

Hakuna aliyecheka tena. Yalikuwa makaburi. Kama ningekuwa mpita njia ningevua kofia. Watu wakateremka kimyakimya mmojammoja, na pombe ya mama ikabaki mtungini karibu yote. Tangu nizaliwe sijawahi kuona pombe ya kulimia ikibaki.

Jambo hilo lilimtia mama hofu kuliko ile misalaba. Kwetu kaburi likichimbwa kwa makosa haliachwi hivihivi. Linafukiwa na gogo ndani yake, ili liamini kwamba limeshapata mtu na lisidai mwingine. Mama alimtaka baba akafukie magogo Isanta, gogo kwa kila tuta.

"Coleta, shimo liko wapi?" baba alimwambia. "Hatukuchimba. Tumeinua udongo tu."

"Nenda kauambie huo msalaba."

Baba akacheka, lakini kwa pua tu. Magogo hayakufukiwa.

Sasa turudi pale juu, Mama Debora anauliza.

Alikuwa ameanzia mwanzo wa mstari. Kila mwenye tuta alisimama penye tuta lake na kumtaja mtu. Cornelius alimtaja babu yake. Jirani yetu Evaristi alimtaja shangazi aliyekufa sisi hatujazaliwa. Wote walitaja wazee waliokwisha kuoza kigangoni miaka mingi, na sauti zao zilikuwa ndogo, kama watu wanaoomba msamaha. Mama Debora aliandika. Halafu aliinama, akashika udongo, akaufikicha. Jani bichi likatoka vidoleni mwake.

"Wazee wote hawa ni wa zamani," alisema. "Udongo huu ni wa mwaka huu."

"Tulisafisha," alisema Cornelius.

"Yote?"

"Yote, mama."

Mama Debora akatugeukia sote. Kisha akatuambia ukweli wa kazi yake. Makaburi ya zamani huhamishwa, utaratibu upo, na kilima kingechimbwa vilevile. Lakini kama watu bado wanazika hapa, kama kuna maziko ya karibuni, basi haya ni makaburi yanayotumika, na yeye hatakubali yaguswe. Alipomaliza kusema hivyo alikuwa ameshafika kwetu.

"Na hapa amelala nani?"

Baba akafuta viganja.

"Mwanangu," alisema. "Flavian."

Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, kucha zikaingia. Hakulia. Alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyekanyaga mwiba gizani. Flavian ni kaka yangu, kifungua mimba wa nyumba yetu, na ndiyo sababu mama anaitwa Mama Flavian. Alikuwa ameondoka kwenda kuchimba dhahabu huko Chunya, na huu ulikuwa mwaka wa pili hatujasikia sauti yake. Namba yake ukiipiga, haipatikani. Kila mmoja wetu alikuwa na wazo lake juu ya hilo, na hakuna aliyekuwa amelitamka.

"Poleni sana," alisema Mama Debora. "Pole, mama."

Mama hakuitikia. Yule afisa alidhani ni uchungu, na kwa kweli ulikuwa uchungu. Akaandika jina la kaka yangu, akateremka kwenda kwenye gari. Watu wakaja kumpa baba mkono, wanamshukuru, macho yao pembeni.

Neno likishatoka kinywani huwezi kulifunga kamba. Dereva wa halmashauri alisikia, karani alisikia, na siku ya pili habari zilikuwa Chala. Ya tatu zikateremka bondeni hadi Muze, alikoolewa shangazi yangu Silvana. Silvana alipandisha milima juu ya lori la mahindi akiomboleza njia nzima. Aliposhuka barabarani alijitupa chini, mbele ya kambi ya watu wa mwekezaji, waliokuwa wameshaleta mahema yao na kungoja. Wote walitoka kumwangalia. Baba angeweza kumwinua na kumnong'oneza. Lakini Silvana hana siri, na mdomo mmoja ukiteleza kilima kimekwenda. Akamwacha alie.

Basi tukaweka matanga ya mtu ambaye hatukujua kama amekufa. Vitongoji vya jirani, ambavyo havikujua lolote, vilileta kuni na masufuria. Wanaume waliwasha moto uani, wanawake walijaa ndani juu ya mikeka. Kitongoji chetu nacho kilikuja, kingefanyaje, wakakaa wamejiinamia. Katekista Gabriel alikuja kusalisha. Watu wote walipiga magoti isipokuwa mama.

"Sitamwombea marehemu mtu anayepumua," alisema.

Katekista akamshika bega kwa huruma. Wanawake wakatazamana, wakasema uchungu umempanda kichwani. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala, napiga ile namba, haipatikani, napiga tena, haipatikani. Niliporudi ndani Silvana alikuwa anamwita Flavian kwa majina yake ya utotoni, na mimi nikaanguka karibu naye nikalia. Watu walinisifu baadaye kwamba nilijua kuigiza. Sikuwa naigiza. Niliamini. Nilikuwa namwona kaka yangu chini ya lile tuta na nyasi zinamwozea kifuani.

Baada ya matanga nyumba yetu ilipoa. Mama alianza kwenda Isanta peke yake asubuhi. Nilimfuata mara moja. Alikuwa amepiga magoti, amelaza sikio juu ya udongo. Nikarudi nyumbani mbio na sikumweleza baba.

Simu ililia msimu wa kipupwe, ile baridi yetu ambayo maji ya ndoo yanauma meno. Tulikuwa uani, mama na mimi tunapiga maharage kwa fimbo, baba anashona gunia. Namba ilikuwa ngeni, nikapokea mimi.

"Jovi," ilisema sauti. "Ni mimi."

Niliitupa simu. Nawaambia, niliitupa kama kaa la moto, ikaanguka kwenye maganda ya maharage na ikaendelea kusema peke yake, Jovi, Jovi, Jovina. Nilirudi kinyumenyume mpaka ukutani. Mama ndiye aliyekwenda kuiokota. Aliiweka sikioni, akasikiliza, kisha akaniita niiweke sauti kubwa kwa sababu yeye hajui.

Flavian alikuwa hai. Simu yake iliibiwa kambini, akaona aibu kurudi mikono mitupu, akawa anasema mwezi ujao, mwezi ujao. Halafu mnadani akakutana na Mayunga, yule mfugaji wa Kisukuma aliyewahi kuwa jirani yetu.

"Amenikimbia, mama. Ameacha ng'ombe wake akanikimbia. Nimemfuata mpaka akaniambia kwamba nimezikwa." Alijaribu kucheka. Ni mtoto wa baba yake. "Mlinizika lini?"

Mama akamwambia. Mvua zilipokatika, wiki ile maharage yalipoanza kukauka.

Flavian aliacha kucheka.

"Wiki ile shimo letu lilibomoka," alisema Flavian. "Tulikuwa watu watatu. Mimi ndiye niliyetolewa ninapumua."

Sikumtazama baba. Nilitazama sindano yake ya magunia, ilikuwa imesimama katikati ya mshono. Mama alikuwa amefumba macho. Kwa baridi ile jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Nakuja nyumbani," Flavian alisema. "Natafuta nauli tu, nakuja."

Baba akasimama, akaichukua simu mikononi mwa mama.

"Usije kwanza, baba," alisema kwa sauti ya chini, akimwita hivyo kama alivyomwita akiwa mtoto. "Mpango wa ardhi bado haujapitishwa. Ukionekana hapa tumekwisha, na si sisi tu, kitongoji kizima. Vumilia kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

Baba akamrudishia mama simu. Kaburi lililoandikwa kwenye ramani ya serikali halina msimu wa kubomolewa. Nililiona hilo usoni mwa baba, na nafikiri naye alikuwa analiona kwa mara ya kwanza. Mama alirudi kwenye maharage yake akapiga mpaka yakaisha.

Mkutano wa kupitisha mpango ulifanyika mwezi huohuo. Ramani mpya ilitundikwa. Isanta ilikuwa imepakwa kijani. Mama Debora alisoma kijiji chote, malisho haya, msitu ule, shule itapanuka huku, hadi akafika kwetu: kilima cha Isanta, makaburi, hapaguswi, maziko ya mwisho Flavian Wilibrodi. Watu walishusha pumzi. Cornelius akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikapanda karibu yote, na wangu ulikuwemo. Mhuri ulikuwa mezani, kando ya kidau chake cha wino.

Mama akasimama.

"Mama afisa, kabla hujapiga mhuri. Futa jina la mwanangu."

"Coleta, kaa chini," alisema baba.

"Mama Flavian, kaa," alisema mtu nyuma, halafu mwingine, halafu wengi. Hawakupiga kelele. Walisema kwa upole wa kutisha, ule anaosemeshwa mbwa mkali. Nilihisi watu wamesogea, nafasi tuliyokaa imekuwa ndogo, na mtu alikuwa ameukanyaga upindo wa kanga yangu kwa makusudi ili nisiinuke kumsaidia.

Mama alishika bega langu asianguke. Sijawahi kumwona mtu anaogopa vile na bado amesimama.

"Likishapigwa huo mhuri atakufa," alisema. "Mara ya kwanza alitoka. Mara ya pili hatatoka. Yu hai, nimeongea naye kwa simu. Pale hayumo."

"Na wengine?" Mama Debora aliuliza polepole.

Mama akawatazama majirani zake: Cornelius, Evaristi, wanawake waliomzalisha na aliowazalisha.

"Wa wenzangu mimi sijui," alisema. "Wangu hayumo."

Aliwasitiri kadiri alivyoweza, lakini haikusaidia. Mama Debora akafunika kalamu yake. Mhuri haukupigwa siku ile. Ulipopigwa, Isanta ilikuwa kahawia. Wenye makaburi ya zamani waliitwa kwenda kuhamisha wafu wao na hakwenda hata mtu mmoja, kwa hiyo mashine ilipita juu ya ile misalaba na kukuta nyasi zimeoza vizuri kabisa. Hakuna aliyeshitakiwa. Tulipewa mashamba upande wa mchanga, nusu ya wenzetu wakayakataa, wengine wakahamia bondeni.

Leo kilima kimeliwa hadi kiunoni. Wakipiga baruti, vikombe vinagongana kabatini, na ukuta wetu wa mashariki una ufa unaoingiza kiganja. Watu hawakutupiga. Waliacha tu kutusalimia. Mwaka uliofuata mama alipika pombe ya kulimia, akatandika mikeka, akangoja tangu asubuhi. Hakuna jembe lililokuja. Tulilima wenyewe, na mpaka sasa tunalima wenyewe. Nikiulizwa kama naona mama alikosea, huwa sijibu. Najua tu kwamba mkono wangu ulikuwa juu na wake haukuwa.

Flavian alikuja mwisho wa kipupwe kilekile. Alishuka barabarani mchana kweupe, na aliyekuwa nje ya nyumba yake aliingia ndani akafunga mlango. Hata waliojua kila kitu walifunga. Mwanamke mmoja alifunika uso wa mtoto wake kwa kanga. Flavian aliingia uani kwetu akasimama karibu na zizi la mbuzi, amekonda, kovu jipya limemkata nyusi, na hakusogea zaidi. Alituogopa. Nasi tulimwogopa, nisidanganye. Baba alibaki kizingitini, ameshika mwimo wa mlango. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nimekaa kando ya mafiga uani nasonga ugali, na sikuinuka.

Mama alitoka jikoni akafuta mikono kwenye kanga. Alimwendea moja kwa moja, akaingiza mkono ndani ya shati lake, akauweka kifuani, akangoja, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo na homa. Alingoja muda mrefu. Upepo ulikuwa unatoka Isanta, ambako mashine zilikuwa zimeshaanza kupanda.

"Jovina," alisema bila kugeuka. "Ongeza unga."